Mbwa mweusi asigeuke kivuli: kurekebisha mwanga na rangi ya picha za wanyama kwa simu

Mbwa amepotea tangu jana jioni. Mwenye mbwa anapekua simu yake, anapata picha moja aliyoipiga mchana chini ya mwembe, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Kila anayeifungua anaona kitu kilekile: umbo jeusi, na nyuma yake uwanja unaong'aa kwa jua. Hakuna anayeona kwamba mbwa huyo ana madoa mawili ya kahawia juu ya macho, kifua cheupe, na ncha ya sikio la kushoto iliyochanika. Hizo ndizo alama ambazo zingemtambulisha kwa mtu aliyemwona akipita barabarani.

Mara nyingi picha ya namna hiyo haijaharibika kabisa. Alama zimo ndani yake, ila zimefichwa na mwanga mbaya, na mwenye simu ya kawaida anaweza kuzitoa kwa dakika chache. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kufanya hivyo kwa picha za wanyama zilizopigwa nje: mbwa na paka, na pia mbuzi, ng'ombe na kuku. Tutaeleza pia ni wakati gani hupaswi kugusa rangi ya picha hata kidogo. Kanuni yetu ni moja tangu mwanzo hadi mwisho: kurekebisha picha ni kuirudisha kwenye kile ambacho jicho liliona. Kuipamba ni kazi nyingine.

Kwa nini simu hukosea

Jicho la mtu huzoea mwanga haraka. Ukitoka juani ukaingia kivulini, baada ya muda mfupi unaona vizuri, na shati jeupe bado unaliona jeupe. Kamera ya simu haina uwezo huo. Inapima mwanga uliomo kwenye picha, kisha inajaribu kuufanya uwe wa kiasi cha kati, usizidi wala usipungue.

Hapo ndipo makosa huanza. Mbwa mweusi akijaza picha nzima, kamera hudhani pana giza, huongeza mwanga, na mbwa anatoka wa kijivu. Mbuzi mweupe akijaza picha, kamera hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na mbuzi anaonekana kama aliyegaagaa kwenye majivu. Mnyama akisimama mbele ya anga lenye mwanga mkali, kamera hufuata anga, naye anageuka kivuli. Simu za siku hizi zimepunguza makosa haya, lakini hazijayamaliza.

Kosa la pili ni la rangi. Mwanga wenyewe una rangi, ingawa hatuitambui kwa kawaida. Wataalamu huipima kwa kipimo kiitwacho Kelvini. Jua la mchana ni karibu Kelvini 5,500. Jua linapokaribia kuzama, kipimo hushuka hadi karibu 3,000 au chini ya hapo, na kila kitu huelekea rangi ya chungwa. Kivulini hupanda hadi 7,000 au 8,000, kwa sababu mahali penye kivuli hupata mwanga wake kutoka kwenye anga la buluu. Ndiyo maana paka mweupe aliyelala kivulini mara nyingi hutoka na ubuluu kwenye picha.

Kisha kuna rangi zinazorushwa na vitu vya karibu. Majani mabichi huurushia tumbo la mnyama ukijani. Udongo mwekundu huyapaka miguu wekundu usiokuwepo. Turubai la buluu likiwa juu ya banda, kila kilicho chini yake huwa na ubuluu. Ukijua rangi hiyo imetoka wapi, utajua pia namna ya kuiondoa.

Anza na picha nzuri

Programu ya kurekebisha inaweza kuinua giza, lakini haiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikukinasa. Picha ya kawaida ya simu huhifadhi kila rangi kati ya tatu za msingi, yaani nyekundu, kijani na buluu, kwa ngazi 256, kuanzia 0 hadi 255. Manyoya meupe yaliyopigwa na jua kali yakifika 255 katika rangi zote tatu, hapo pamebaki weupe mtupu. Ukipunguza mwanga baadaye utapata kijivu kitupu, bila unyoya hata mmoja. Upande wa giza una nafuu kidogo: mara nyingi kuna kitu kimebaki, ingawa ukikiinua sana picha hujaa chengachenga.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu kabla ya kupiga.

Kwanza, chagua saa. Katika nchi zilizo karibu na ikweta kama zetu, jua hupanda kwa haraka na karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa kila saa. Ikifika saa 3 asubuhi mwanga umeshakuwa mkali, na saa 6 mchana jua liko juu ya kichwa, macho ya mnyama yamefunikwa na kivuli cha paji lake. Muda mzuri ni saa ya kwanza na ya pili baada ya jua kuchomoza, na saa moja na nusu hivi kabla halijazama. Siku ya mawingu, karibu saa zote za mchana zinafaa.

Pili, kama ni lazima upige mchana, mpeleke mnyama kwenye kivuli kilicho sawasawa, kama cha ukuta wa nyumba. Kivuli cha mti chenye matundu humwekea mabaka ya mwanga ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Ukiwa na msaidizi, mwambie ashike shuka jeupe au gunia jeupe upande ulio na giza. Kitambaa hicho kitarudisha mwanga usoni mwa mnyama. Mnyama mwoga usimlazimishe.

Tatu, ionyeshe kamera mahali pa kupima. Gusa uso wa mnyama kwenye skrini. Katika simu nyingi itatokea alama ndogo ya jua unayoweza kuisogeza. Kwa mnyama mweupe, punguza mwanga kidogo mpaka manyoya yaonekane. Kwa mnyama mweusi aliyejaza picha, punguza pia, ili weusi wake ubaki weusi. Kwa mnyama aliye mbele ya anga, ongeza mwanga mpaka uso uonekane, hata kama anga litapauka. Unachokitafuta ni mnyama, si anga.

Iandae simu kabla ya kurekebisha

Watu wengi hurekebisha picha usiku, wakiwa wamepunguza mwanga wa skrini. Asubuhi wanashangaa picha imetoka nyeupe kupita kiasi. Sababu ni kwamba skrini ilikuwa na giza, wakaongeza mwanga wa picha kumbe tatizo lilikuwa la skrini. Weka mwanga wa skrini katikati au juu kidogo ya hapo, ukae mahali penye mwanga wa kawaida, si juani.

Zima pia ile hali ya kulinda macho inayoifanya skrini kuwa ya njano nyakati za usiku. Ukirekebisha rangi huku skrini ni ya njano, utaongeza ubuluu bila kujua.

Kuhusu programu, simu nyingi za Android huja na Google Photos, ambayo ina sehemu ya kurekebisha. Nyingine ni Snapseed ya Google, inayopakuliwa bure. Zote hutumia vitelezi, yaani ile nukta unayoisogeza kwa kidole kwenda kulia au kushoto. Majina ya vitelezi hutofautiana kati ya programu na programu, na mara nyingi yameandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo hapa chini tunakitaja kila kimoja kwa kazi yake. Kisogeze, uone kinabadilisha nini, kisha ukirudishe mahali pake.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza: fanya kazi kwenye nakala. Picha ya asili ibaki kama ilivyo.

Hatua tano, kwa mpangilio

Mpangilio una maana. Mwanga hutangulia, rangi hufuata, kwa sababu rangi hubadilika sura kila unapobadilisha mwanga. Anayeanza na rangi hulazimika kuirudia.

Hatua ya 1: mwanga wa jumla. Sogeza kitelezi cha mwangaza hadi mnyama, na si mazingira yake, aonekane kama ulivyomwona. Kwa yule mbwa wetu wa chini ya mwembe, ongeza kidogo tu. Ukiongeza sana hapa, uwanja ulio nyuma utapotea wote.

Hatua ya 2: sehemu za giza na sehemu za mwanga mkali, kila moja peke yake. Kitelezi kimoja hugusa vivuli tu. Kiinue polepole, na hapo yale madoa ya kahawia juu ya macho yataanza kujitokeza. Kingine hugusa sehemu zilizowaka. Kishushe, na kifua cheupe kitaonyesha manyoya badala ya weupe mtupu. Acha kuinua vivuli pale mbwa mweusi anapoanza kuwa wa kijivu au chengachenga zinapojitokeza. Kama picha imepoa baada ya hapo, tumia kile kitelezi kinachotia weusi kwenye sehemu za giza kabisa, au ongeza kidogo tofauti kati ya giza na mwanga.

Hatua ya 3: joto la rangi. Mara nyingi kitelezi hiki huwa na alama ya kipimajoto. Upande mmoja huelekea njano, upande wa pili buluu. Tafuta kwenye picha kitu ambacho una hakika ni cheupe au kijivu: karatasi, gunia jeupe, ukuta wa chokaa, jiwe la kijivu. Sogeza kitelezi mpaka kitu hicho kisiwe na ubuluu wala umanjano. Rangi ya mnyama itajirekebisha yenyewe. Picha ya kivulini huhitaji njano kidogo. Picha ya jioni huhitaji buluu kidogo, ingawa si lazima uondoe uchangamfu wote wa jioni kama picha ni ya kumbukumbu tu.

Kando yake kuna kitelezi kingine kinachokwenda kati ya kijani na waridi. Hicho ndicho dawa ya ukijani wa majani. Kisogeze kidogo kuelekea waridi.

Usitegemee jicho la mnyama wala meno yake kuwa kipimo cha weupe. Meno huwa na umanjano wa asili, na macho ya wanyama hutofautiana.

Hatua ya 4: wingi wa rangi. Hapa ndipo wengi hukosea. Kitelezi hiki huzikoleza rangi zote kwa pamoja. Ukikivuta sana, nyasi zinakuwa kijani cha plastiki na mbuzi wa kahawia anakuwa mwekundu. Kama umefanya vizuri hatua tatu za mwanzo, hii mara nyingi huhitaji kidogo sana au kutoguswa kabisa. Vichujio vya tayari, vile vya kugusa mara moja, tunashauri uviache. Hubadilisha mwanga na rangi vyote pamoja, bila kujua kama mnyama wako ni mweusi au mweupe.

Hatua ya 5: sehemu moja. Snapseed ina kifaa cha kuweka nukta mahali fulani, kwa mfano usoni mwa mbwa, kisha kuongeza au kupunguza mwanga hapo tu. Kitumie kuinua uso ulio kivulini bila kuunguza uwanja. Kama miguu imepata wekundu wa udongo, weka nukta mguuni upunguze wingi wa rangi. Chagua eneo dogo, na ubadilishe kidogo. Ukiona duara la mwanga kumzunguka mnyama, umepita kiasi.

Ukimaliza, iweke simu kando kwa dakika kumi. Ukirudi, linganisha picha mpya na ya asili, kisha mtazame mnyama mwenyewe kama yupo karibu. Yeye ndiye kipimo cha mwisho.

Macho yanayowaka

Ukipiga picha jioni kwa taa ya simu, macho ya mbwa, paka, mbuzi au ng'ombe hutoka yakiwaka kijani, njano au buluu. Nyuma ya jicho la wanyama hawa kuna utando unaorudisha mwanga, unaowasaidia kuona gizani. Binadamu hana utando huo. Macho yake huwaka mekundu kwa sababu ya mishipa ya damu iliyo nyuma ya jicho. Ndiyo maana kile kifaa cha kuondoa macho mekundu mara nyingi hakimsaidii paka: kinatafuta rangi nyekundu, na jicho la paka halina wekundu huo. Tumia kifaa cha sehemu moja, weka nukta kwenye mboni, shusha mwanga na wingi wa rangi. Njia bora zaidi ni kuzima taa na kupiga kabla giza halijaingia.

Picha ya mnyama wa kuuza

Siku hizi mbuzi, ng'ombe, kuku na hata watoto wa mbwa huuzwa kwa picha. Hapa kurekebisha kunagusa fedha za mtu. Mnunuzi anayelipa nauli kuja kumwona mbuzi mwekundu, akakuta wa kahawia aliyepauka, ataona amedanganywa hata kama muuzaji hakukusudia. Akirudi kwao atawaeleza wenzake.

Kuinua mwanga ili mnyama aonekane ni haki kwa pande zote mbili. Kuondoa ubuluu wa kivuli ni haki. Kukoleza rangi ili manyoya yaliyofifia yaonekane yenye afya, au kufuta kovu, kidonda au sehemu iliyonyonyoka, huo ni udanganyifu. Kwa mnunuzi, tunashauri uombe picha mbili zilizopigwa mchana, moja kila upande, mnyama akiwa karibu na karatasi nyeupe. Karatasi ikionekana ya njano au ya buluu, hata rangi ya mnyama usiiamini.

Picha ya mnyama mgonjwa: usiguse rangi

Hili ndilo jambo tunalolisisitiza kuliko yote. Kuna wakati rangi yenyewe ndiyo habari.

Fizi za mbwa mwenye afya kwa kawaida ni za waridi. Zikipauka, huenda damu imepungua. Zikiwa za njano, huenda ini lina tatizo au chembe za damu zinaharibiwa, kama inavyoweza kutokea katika baadhi ya magonjwa yaletwayo na kupe. Kwa mbuzi na kondoo, rangi ya ndani ya kope la chini huonyesha kama minyoo inayonyonya damu imewazidi. Afrika Kusini ilibuniwa kadi ya rangi iitwayo FAMACHA yenye ngazi 5, kuanzia wekundu wa afya hadi weupe wa upungufu mkubwa wa damu. Kadi hiyo hushikwa kando ya jicho la mnyama mwenyewe, kwenye mwanga wa mchana.

Sasa fikiria mtu amepiga picha ya kope la mbuzi wake, akaongeza joto la rangi kidogo ili picha ipendeze, akaituma kwa afisa mifugo. Kope lililopauka limegeuka waridi. Jibu litakalorudi huenda likawa la kutuliza moyo, na mbuzi akafa kwa kukosa dawa kwa wakati.

Kwa picha ya aina hii, ipige mchana, kwenye kivuli kilicho sawa, bila taa ya simu. Weka karatasi nyeupe kando ili mtaalamu ajue mwanga ulikuwaje. Usirekebishe chochote. Andika saa uliyopiga na dalili ulizoziona. Kama mbwa ana fizi nyeusi kwa asili, onyesha ndani ya kope la chini. Video nayo husaidia: ukibonyeza fizi kwa kidole na kuachia, rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2.

Tahadhari moja: mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate mengi au anayeng'ata ovyo, usimshike mdomo kwa ajili ya picha. Huenda ana kichaa cha mbwa. Kaa mbali, mtaarifu afisa mifugo mara moja. Na picha, hata iwe nzuri namna gani, haichukui nafasi ya mtaalamu kumwona mnyama kwa macho yake.

Kutuma picha

WhatsApp huipunguza picha ukiituma kwa njia ya kawaida, ili isile bando. Kwa tangazo la mbwa aliyepotea, hiyo inatosha. Kwa daktari wa mifugo au mnunuzi anayetaka kuona kwa undani, itume kama faili la hati, ingawa itakula bando zaidi. Usirekebishe picha uliyotumiwa na mtu kama ya asili ipo kwenye simu yake. Kila inapopunguzwa na kuhifadhiwa tena, hupoteza kitu.

Turudi kwa mbwa wetu wa chini ya mwembe. Vivuli vimeinuliwa, ubuluu umeondolewa, rangi hazijakolezwa. Sasa madoa juu ya macho yanaonekana, kifua ni cheupe, sikio lililochanika lipo wazi. Si picha ya kutundika ukutani. Lakini mtu wa kijiji cha pili, aliyemwona mbwa huyo kisimani asubuhi, akiifungua ataweza kusema: huyu nimemwona.

Tunakushauri usisubiri mnyama apotee au augue. Leo jioni, kabla jua halijazama, mpige mbwa au mbuzi wako picha mbili, moja kila upande, uzihifadhi. Na ukiwa na swali kuhusu haya tuliyoyaeleza, tuletee kwa njia yako ya kawaida ya kuwasiliana nasi, tulijibu hewani.